Mlangoni Hapakaliwi

Friza la mwisho katika chumba chetu cha baridi tulikuwa tukiliita Marehemu, ingawa lilikuwa bado hai. Liliunguruma, likatetemeka, likanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha likakumbuka na kuendelea. Nilipoanza kazi ya kutunza sampuli za maabara nililikuta hapo, na aliyenikabidhi funguo naye alilikuta. Asubuhi moja nililikuta linatoa machozi mlangoni. Nikamwita fundi wa majokofu, na fundi wa majokofu wa maabara yetu ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja.

Mtaani wanamwita Barafu. Mikono yake haina kasoro. Mdomo wake ndio unaomponza.

"Dada," alisema akiwa amelala chali nyuma ya friza, miguu tu ikionekana, "hili halihitaji fundi. Linahitaji sanda."

"Wewe litengeneze. Sanda nitanunua mwenyewe."

"Basi litoe vitu kwanza. Nikilisukuma na mimba yake hii litazalia mlangoni."

Nilihamisha vilivyokuwamo, rafu baada ya rafu, mpaka ikabaki droo ya chini kabisa. Ilikuwa imeshikwa na barafu ya miaka mingi, nene na ya kijivu kama jiwe la kusagia. Mdogo wangu aliipasha kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, akaigonga pembeni kwa mpini wa bisibisi, kwa upole ambao sijawahi kumwona akiuonyesha kwa binadamu. Droo ikatoka, naye akarudi chini ya friza na spana yake. Ndani yake mlikuwa na boksi moja la karatasi ngumu, la kutosha kiganjani, kifuniko chake kimeota theluji.

Nilikuwa nimevaa glavu, koti na barakoa, kama sheria yetu inavyotaka. Nikafungua kifuniko, nikalizungusha boksi mkononi kama ninavyolizungusha kila boksi, nikatazama. Vichupa vya kioo, vyembamba kuliko kidole cha mtoto, shingo zake zimezibwa kwa moto. Vimekaa kwenye matundu yake, kimya, vizima. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na vumbi kidogo la rangi ya kahawia, kiasi ambacho mtu angekikuta mezani angekipuliza tu na kuendelea na chai yake. Nikafunika. Ndipo nilipofuta theluji ya kifuniko kwa kidole gumba, na herufi za taipureta zikajitokeza moja moja.

NDUI.

Kulikuwa na baridi mle ndani, lakini jasho lilinishuka mgongoni kama maji ya bomba.

"Kuna nini, Dada?"

"Usisogee."

"Nisogee wapi, na mimi niko uvunguni?"

"Ni ndui."

Sauti ya spana ikakoma. "Ndui ipi? Hii ya Bibi?"

"Ya Bibi."

Bibi ndiye aliyetulea. Uso wake umejaa vishimo, vidogo, vya duara, vimebanana kama alama za matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Sisi tulipokuwa wadogo hatukujua kuwa ni ugonjwa. Tulidhani mabibi wote huwa hivyo wakikomaa. Alikuwa akitupakata, anashika kidole chako na kukiweka shavuni pake, anasema, "Anza kuhesabu hapa." Ndivyo tulivyojifunza moja, mbili, tatu. Hakuna aliyewahi kufika mwisho. Barafu alikuwa akilala njiani.

Baadaye nilisoma peke yangu, kitabu hiki na kile, nikaelewa tulikuwa tukihesabu nini. Ugonjwa ule ulipoingia nyumba moja haukupiga hodi ya pili. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike. Walilala mkeka mmoja, akaamka mmoja. Kisha watu wa dunia nzima, waliokuwa hawaelewani kwa jambo lolote lingine, wakashikana mikono na kuufukuza kijiji kwa kijiji mpaka ukaisha. Chanjo ikasimamishwa kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kukinga. Na hapo ndipo pana hatari yake. Silaha inayoogopesha kuliko zote ni ugonjwa uliokwisha kuzikwa, maana hakuna mtu aliyejiandaa kupigana na maiti. Watoto wote wa sasa, wa mataifa yote, wamezaliwa bila ngao. Ndiyo maana mabaki yake hulindwa kama yanavyolindwa mabomu, na anayekutwa nayo pasipo haki huhesabiwa gaidi hata kabla hajaulizwa jina.

Nami nilikuwa nimeyashika kiganjani, yana uzito wa mkate mdogo.

Nililiweka boksi juu ya meza ya chuma, nikamwambia Barafu asiliguse, nikatoka hadi koridoni kumpigia simu mkurugenzi. Mle ndani simu haishiki.

"Ni boksi moja," nilimwambia. "Limejaa. Vichupa ni vizima, hakuna kilichopasuka."

"Limejaa?"

"Limejaa, Daktari."

Nilisikia akifunga mlango wa ofisi yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Rudi ndani. Fungeni mlango. Msitoke."

Waliokuja walivaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, na walitembea taratibu kana kwamba sakafu imelala na hawataki kuiamsha. Wanne walilibeba lile boksi ndani ya sanduku la chuma, na korido yote ya jengo ilikuwa imeachwa wazi mbele yao, milango imefungwa, taa zote zimewashwa. Nimeona majeneza ya wakubwa yakipita. Sijaona kitu kikipishwa namna ile.

Sisi wawili tulipelekwa kwenye wodi ya kutengwa, vyumba viwili vilivyopakana, vioo virefu upande wa korido, na simu ya ukutani ya kuzungumzia. Muuguzi alituchanja kwa sindano ya zamani yenye meno mawili, akitudonadona begani kama kuku anayekula mtama. Tungekaa humo mpaka muda wa ugonjwa kujitokeza upite. Nilikubali. Huo ni utaratibu, na mimi ni mtu wa utaratibu.

Jioni ile ile akaja afisa wa usalama. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alivuta kiti mpaka karibu na kioo kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Hakupandisha sauti hata mara moja. Barafu alimpa jina siku hiyo hiyo: Bwana Taratibu.

"Mama," alianza, "pole kwa yaliyokukuta. Ulimwambia mkurugenzi kuwa boksi limejaa?"

"Ndiyo."

"Uliliona kwa macho yako?"

"Nilifungua, nikatazama, nikafunika."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina la mama yangu."

Alitazama mikono yake. "Wataalamu wamelifungua kwenye chumba salama. Lina matundu ishirini na matano. Vichupa ni ishirini na vinne."

Nilisikia maneno yake, lakini yalichukua muda kufika.

"Kwa hiyo," aliendelea kwa upole, "lilikuwa limejaa ulipotoka kupiga simu. Lilipofika kwetu limepungua. Na katikati hapo boksi lilibaki na mtu mmoja."

"Mdogo wangu haibi."

"Sijasema ameiba. Nakuuliza tu unachokijua."

Kisha akahamia kioo cha pili. Ukuta baina yetu ulikuwa mwembamba, nikasikia kila neno.

"Ndugu fundi, kichupa kimoja kiko wapi?"

"Nimekitafuna," akasema Barafu. "Kilikosa chumvi tu."

Sikusikia mtu akicheka. Nilisikia kiti kikirudishwa nyuma, na nyayo zikienda zake.

"We mwehu!" nilimwambia kupitia ukutani. "Huo ni mdomo au mfereji?"

"Dada, amekuja na uso kama wa msiba, nikataka kumchangamsha." Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akilala njiani wakati wa kuhesabu. "Wamefungua sanduku langu la vifaa. Wamekata mpaka kitambaa cha ndani. Dada, mimi sikuligusa. Niliogopa hata kupumua upande ule."

Siku iliyofuata Bwana Taratibu alinieleza mambo yalivyo bila kuyapaka sukari. Kichupa kisipopatikana, mkurugenzi atalazimika kutangaza kwa umma. Shule zitafungwa, na watu watakimbia mji hata kabla hawajajua wanakimbia nini. Na mdogo wangu atashtakiwa kwa sheria ya ugaidi, ambayo haina mlango wa kutokea. Kesho asubuhi ndiyo wangeamua.

"Mnakitafuta wapi?" nilimuuliza.

"Kila mahali. Kwake, kwako, kwenye mabomba ya maji machafu." Akasita. "Kimetoka tundu gani, hilo hatujalisema popote. Analijua aliyekitoa, tunalijua sisi wachache. Nakuambia hili kwa sababu nakuheshimu: akiwa amekosea, mshauri aseme. Akisema yeye mwenyewe, nitamsaidia ninavyoweza."

Alipoondoka nilikaa kitandani. Mimi si mwepesi wa kuhukumu mtu, na nilijaribu kutomwonea hata ndugu yangu kwa kumpendelea. Nilijiuliza kwa haki: angeweza? Nafasi aliipata. Mikono anayo. Sababu sikuiona. Lakini nililisema neno "limejaa" kwa kinywa changu, na nilikuwa na hakika nalo, na hesabu haikubali mambo mawili kwa pamoja. Kadiri nilivyokuwa mkweli ndivyo nilivyokuwa namzika. Nilitamani kwa mara ya kwanza maishani niwe mtu wa kubahatisha.

Bibi aliletwa na jirani baada ya mchana. Nilisikia mabishano kabla sijamwona.

"Bibi, lazima uvae barakoa."

"Ya nini? Huyo aliyemo humo tunajuana. Mwambieni yeye ndiye avae."

Alikuja ameivaa, chini ya kidevu. Akasimama mbele ya kioo changu, akaketi kwenye kiti cha Bwana Taratibu bila kuuliza ni cha nani, akashika simu ya ukutani kwa mikono miwili.

"Umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Na huyo mwenzio?"

"Nimekula, Bibi!" Barafu akapiga kelele toka upande wa pili. "Ila wananituhumu nimekula zaidi ya nilichopewa!"

"Nyamaza wewe, ndiyo maana umefungwa." Akanigeukia. Alinitazama kwa muda, na nikaona kuwa hakuja kutupa pole. Alikuwa na jambo. "Umeuona?"

"Nini?"

"Huo ugonjwa. Umeuona kwa macho? Mimi uliniingia nikiwa nimefumba macho kwa homa. Nilipoyafumbua ulikwishaondoka na mwenzangu. Miaka yote hii sijawahi kuujua sura. Unafananaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote waliuliza idadi.

"Ni vumbi, Bibi. Vumbi la kahawia ndani ya kioo."

"Vumbi tu?"

"Kidogo sana. Lote kwa pamoja halijai kijiko."

Niliona mkono wake ukipanda shavuni bila yeye kujua.

"Nionyeshe ulivyolishika," alisema. "Nataka kuona."

Nikaweka simu begani, nikainua mikono. Nilitaka kumwonyesha vizuri, kwa heshima, kwa sababu nilihisi anastahili kuonyeshwa. "Nilikuwa nimesimama hivi. Boksi liko kiganja cha kushoto. Nikatoa kifuniko hivi, nikakiweka chini. Halafu nikalizungusha, hivi, mpaka..."

Mikono yangu ilisimama hewani. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimegusa kona ya boksi lisilokuwapo, ya juu, upande wa kushoto.

"Mpaka nini?" akauliza Bibi.

"Mpaka mlango ukakaa mahali pake," nikasema.

"Mlango upi tena?"

"Bibi, tafadhali. Waambie wamwite yule afisa. Sasa hivi."

Alikuja haraka kuliko jina lake. Bibi hakumwachia kiti, akabaki amesimama.

"Tundu lililo tupu," nilimwambia, nikihema, "ni la kona. Kona ya juu kushoto, maandishi ya kifuniko yakiwa yamekuelekea."

Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililonitisha. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta miwani yake, akaivaa tena.

"Mama," alisema polepole, "nilikwambia mapema leo kuwa mahali hapo anapajua aliyekitoa."

Nikagundua nilichofanya. Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe, na fundo nikakaza kwa meno. Upande wa pili Barafu alipiga ukuta kwa kiganja. "Dada, nyamaza! Usiseme kitu! Niachie mimi niwe mpumbavu wa familia, kazi hiyo naijua!"

"Nisikilize," nilimwambia afisa. "Siombi uniamini. Naomba ufungue mafriza yangu. Friza lolote, rafu yoyote, boksi lolote. Nisichague mimi, chagua wewe."

"Nitakuta nini?"

"Fungua kwanza. Nikikwambia, utasema nimekupanga."

Alinitazama, akamtazama Bibi, ambaye alikuwa akimtazama yeye kama anavyomtazama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani. Kisha akaondoka. Sikujua kama anakwenda kwenye mafriza au anakwenda kuita pingu.

Simu ya muuguzi ililia baadaye. Alikuja nayo mbio na kuigandisha kwenye kioo ili nione. Ilikuwa picha ya moja kwa moja kutoka chumba cha baridi. Bwana Taratibu amevaa koti na glavu, mkurugenzi nyuma yake, na mwenzangu wa zamu akivuta rafu alizoelekezwa. Moshi mweupe wa baridi ulimwagika kutoka kwenye friza ukawafunika magoti.

Boksi la kwanza likafunguliwa. Homa ya watoto, la mwaka huu. Vichupa vimejaa mstari kwa mstari, na kona ya juu kushoto tundu jeusi.

La pili. Maji ya visima. Kona tupu.

La tatu alilichagua mwenyewe kutoka chini kabisa, kutoka friza jingine, la zamani kuliko kazi yangu. Karatasi yake imegeuka njano. Akalifungua taratibu. Kona tupu.

Aliendelea kufungua, na mkurugenzi akaanza kufungua naye, meza ikajaa maboksi yaliyo wazi, makubwa na madogo, ya karatasi na ya plastiki, ya mikono ya watu ambao baadhi yao wamekwisha kufa. Nilifanya kazi mle miaka na miaka, lakini sikuwahi kuyaona yote yakiwa wazi kwa wakati mmoja. Kila moja lilikuwa na jicho lake jeusi kwenye kona ile ile, yote yametazama upande mmoja. Ukungu ulipita juu yake ukatulia. Ilikuwa kama kuwaona wote waliowahi kushika funguo zile wamesimama safu moja, wa kwanza mpaka mimi, na kila mmoja ameacha nafasi.

"Sasa nieleze," alisema Bwana Taratibu kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi.

Nikamweleza. Vichupa vinafanana, matundu yanafanana. Boksi likigeuzwa bila mtu kujua, wa kwanza anakuwa wa mwisho, na damu ya mgonjwa huyu inasomwa kuwa ya yule. Kwa hiyo kona moja huachwa wazi ili mkono ujue pa kuanzia. Tunaiita mlango. Siku yangu ya kwanza niliweka kichupa pale, na mama aliyekuwa akinifundisha alinichapa kiganja, akasema, "Mlangoni hapakaliwi." Sikuwahi kurudia. Kwetu boksi lenye mlango wazi na kwingine kote kumekaliwa ni boksi lililojaa. Sikuliona lile tundu kuwa pungufu, kama wewe usivyouona mlango wa nyumba yako ukadhani tofali limeibwa.

Nilimwona akipitisha kidole juu ya matundu ya boksi lililokuwa mbele yake.

"Mimi nilihesabu matundu," alisema hatimaye. "Ni kazi yangu. Lakini hili boksi, mama, ni la kabla yenu wote. Mazoea yenu yananiambia inawezekana. Hayaniambii ndivyo ilivyokuwa."

Alikuwa na haki. Nisingemheshimu kama angeridhika haraka.

"Kadi ya matundu, ile inayovishika vichupa, inatoka," nilisema. "Waitoe. Watazame sakafu ya boksi."

Tangazo likasimamishwa kusubiri. Asubuhi yake wataalamu waliovaa mavazi ya kufunika mwili, ndani ya chumba ambacho hewa yake haitoki nje, walivitoa vile vichupa kimoja kimoja kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku aliyelala. Wakainua kadi. Chini yake, kwenye karatasi, kila kichupa kilikuwa kimeacha duara lake, alama hafifu ya uzito na unyevu, ya miaka yote ya kusimama pale pale. Maduara ishirini na manne. Kwenye kona karatasi ilikuwa safi, nyeupe, kama siku ilipotoka kiwandani. Hakuna kitu kilichowahi kukaa pale.

Bwana Taratibu alikuja kutuambia mwenyewe. Alianza na kioo cha Barafu.

"Ndugu fundi. Nimekuja kukuomba radhi kwa sanduku lako la vifaa."

"Si kitu, mzee," nilimsikia mdogo wangu akisema. Kisha akaongeza: "Ila kile nilichotafuna kilikuwa nini basi?"

Safari hii nilisikia mtu akicheka, kicheko kifupi, kikavu, cha mtu asiyekuwa na mazoea nacho.

Muda wetu wa kutengwa ulipokwisha tukiwa wazima, vile vichupa vilikuwa bado vinangoja. Walikuja wakaguzi wawili kutoka nje kushuhudia vikiteketezwa, mwanamume mwenye mvi na mwanamke kijana. Mkurugenzi aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: kama Bibi angependa kuwapo. "Sisi sote tumeusoma tu," alisema. "Yeye peke yake ndiye aliyekutana nao."

Bibi alivaa nguo zake za kutokea. Barafu alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Tulipoingia kwenye korido yenye dirisha la kutazamia mashine ya mvuke, wale wakaguzi walikuwa wameketi na makabrasha yao. Walimwona usoni. Wote wawili wakasimama.

"Mbona wanasimama?" Bibi aliniuliza. "Wanaondoka?"

"Wanakuheshimu, Bibi."

"Wananitazama kama hela iliyookotwa."

Mkurugenzi aliwatafsiria, nadhani si yote. Yule kijana alikuwa na machozi. Alisema kuwa maisha yake yote ameufanyia kazi ugonjwa huu, na hajawahi kumwona mtu aliyetoka ndani yake.

Sanduku la chuma liliingizwa kwenye mashine. Kabla hawajafunga, Bibi akainua mkono.

"Ni vya nani?"

Watu wakatazamana.

"Ni vya maabara, Bibi," alisema mkurugenzi.

"Siulizi chupa. Hilo vumbi. Lilitoka kwa nani?"

Mkurugenzi alimsogelea. "Ni magamba ya vidonda," alisema taratibu. "Kila kichupa, mtu mmoja. Majina hatuyajui. Huenda hayakuwahi kuandikwa."

"Watu ishirini na wanne."

"Ndiyo."

Tulikuwa tumevihesabu sote, wataalamu, walinzi, mimi. Mji mzima ulikaribia kukimbia kwa ajili ya hesabu ile. Hakuna aliyekuwa amewahesabu kama watu. Bibi alisimama mbele ya dirisha, na hakuna aliyethubutu kugusa kitufe. Sijui alisema nini, midomo tu ilicheza. Nilisikia jina la mdogo wake, jina ambalo hulitaja mara chache sana.

"Na ile nafasi tupu," Barafu alimnong'oneza, kwa sababu hawezi kuvumilia kimya, "ilikuwa yako, Bibi. Wakakuona una kiburi, wakaiacha."

Nilidhani atampiga kofi. Badala yake alifikiri.

"Si mlisema ni mlango?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi nilitokea hapo," akasema. "Fungeni sasa."

Mashine ikafungwa. Mshale wa kipimajoto ukapanda, mvuke ukalia ndani ya chuma, tukasimama mpaka ukashuka tena. Walipofungua mlikuwa na maji ya uvuguvugu, karatasi iliyolainika, na vioo vilivyobaki vioo tu. Ugonjwa uliowahi kufunga miji ulikuwa umekwisha pale mbele yetu, katika chombo kisichozidi pipa, na nje ya dirisha la korido mtu alikuwa akifagia majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwake kweli hakikutokea, na nilishukuru kwa hilo kuliko kwa yote.

Yule mkaguzi kijana alisogea karibu na Bibi. Alisema kitu kwa lugha yake, akasita, kisha akainua vidole kidogo na kuvirudisha, kwa aibu.

"Anataka nini huyu mtoto?" akauliza Bibi.

"Anaomba kukugusa uso, Bibi, kama hutajali," alitafsiri mkurugenzi.

Bibi alivua barakoa yake iliyokuwa chini ya kidevu, akaitia mfukoni. Akakishika kidole cha yule binti, akakiweka shavuni, chini kidogo ya jicho la kushoto, pale pale alipokuwa akiweka vya kwetu.

"Mwambie aanze kuhesabu hapa," alisema.